Sanduku la kulipia halina nafasi kwenye mechi ya ushindani

Ingia kibanda chochote cha gemu, uone watu wanavyocheza. Mmoja kachukua Real Madrid, mwenzake Manchester City, na atakayefungwa anampisha anayesubiri. Wakitaka, wote wawili wanachukua Madrid. Hakuna anayeweza kulipa pembeni ili Vinícius wake awe na mbio kuliko Vinícius wa mwenzake. Mechi ikiisha 3–1, hizo 3–1 zimetoka kwenye mikono na akili.

Hamisha mechi hiyohiyo kwenye Ultimate Team, sehemu ya gemu za mpira za kampuni ya EA (FIFA, sasa EA Sports FC) ambako kila mchezaji ni kadi unayoikusanya, au kwenye kikosi cha eFootball kwenye simu, na usawa huo unaondoka. Kila mtu anakuja na wachezaji wake, wengi wao wametoka kwenye pakiti au sanduku la kubahatisha, na sanduku hilo linauzwa kwa pesa halisi. Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama hiyo ni kamari. Ni swali zito na lina watu wake. Hapa nataka kushika jingine: je, matokeo ya mechi ya namna hii bado yanapima uwezo?

Jibu langu ni kwamba yanapima uwezo ukichanganywa na pesa na zali, na hakuna namna ya kuvitenganisha ukitazama ubao wa magoli tu. Ila si kila sanduku lina kosa hilo, na hapa wengi wanachanganya mambo.

Chukua Counter-Strike, gemu ya kupigana kwa bunduki. Ufunguo wa kufungulia kasha lake la kubahatisha ni dola 2.49, na kwa viwango vilivyotangazwa China mwaka 2017, uwezekano wa kupata kisu au kitu kingine cha daraja la juu kabisa ni 0.26%. Ukiuliza kuhusu mtoto anayemaliza pesa za mzazi, hilo ni tatizo kubwa. Lakini AK-47 yenye rangi ya mamilioni na AK-47 ya bure zinatoa risasi ileile, kwa madhara yaleyale. Mechi haijaguswa. Dota 2 vivyo hivyo: mashujaa wote ni bure, kinachouzwa ni mavazi.

Free Fire ni hadithi nyingine. Skini za bunduki, yaani rangi na mapambo yake, pale zina sifa: hii inaongeza madhara, ile inaongeza kasi ya kufyatua na kupunguza ukubwa wa magazini. Inaitwa skini, lakini ni silaha tofauti. Kwa hiyo kipimo ninachotumia ni kimoja: kilichotoka kwenye sanduku, je, injini ya mechi inakisoma inapoamua nani kashinda mgongano? Ikikisoma, haki imeguswa, hata kama tofauti ni pointi mbili.

Sasa tuangalie kwa karibu pointi hizo zinavyofanya kazi, kwa sababu watetezi wa pakiti hupenda kusema "mwenye uwezo atashinda tu".

Dakika ya 70, mechi 1–1. Umempokonya kiungo wa mpinzani mpira, umesubiri beki wa kati apande, ukapenyeza pasi kwa wakati wake. Kazi yako umeifanya vizuri. Kuanzia hapo, kwa sekunde moja hivi, gemu inasoma namba: kasi ya kuanzia, mbio, wepesi wa kugeuka, nguvu. Mshambuliaji wako ana kasi 84. Beki wake ni kadi maalum yenye 92, na juu yake amebandika Shadow, kadi ya kemia inayopandisha kasi na ukabaji. Beki anageuka, anafika, anaweka bega, mpira umekwenda. Kwenye mechi ya klabu za kawaida lile lilikuwa goli. Toka EA Sports FC 24 ya mwaka 2023 kuna pia PlayStyles+, vipaji vya ziada ambavyo kadi maalum nyingi huja navyo: shuti la kuzungusha linalopinda zaidi, au mwanzo wa mbio wenye mlipuko zaidi. Mtu anayejua kutumia hivyo vitu anavigeuza kuwa magoli, na yule asiyekuwa navyo hana cha kujua.

Ni kweli kwamba aliyezidi sana uwezo atakufunga hata kwa kikosi cha kadi za fedha na shaba, zile za daraja la chini. Ila ushindani wa kweli haufanyiki kati ya watu waliopishana sana. Unafanyika kati ya watu waliokaribiana, na hapo faida ndogo inakuwa kila kitu.

Nipige hesabu moja, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Wakati wa FIFA 19, njia ya kuthibitishwa kuingia kwenye mashindano rasmi ilikuwa kushinda mechi 27 kati ya 30 za wikiendi kwenye FUT Champions, shindano la ndani ya FIFA Ultimate Team (FUT). Mchezaji anayeshinda kila mechi kwa uwezekano wa 90% ana nafasi ya karibu 65% ya kufikisha 27. Mshushe mpaka 85%, yaani kikosi chake kimempotezea pointi tano tu za asilimia kwa kila mechi, na nafasi inaanguka hadi 32%. Imekatika nusu. Pointi hizo tano huwezi kuzihisi ukiwa umeshika padi. Utasema leo sikuwa vizuri, au seva zilikuwa zinakwama. Lakini mlangoni zimeamua.

Agosti 2018 jijini London, Mosaad Aldossary wa Saudi Arabia alichukua FIFA eWorld Cup na dola 250,000. Uwezo wake haujadiliwi. Na kwa jumla bingwa wa dunia si mtu wa kumtilia shaka. Tatizo haliko fainali, liko chini, kwenye mchujo, kwa wale ambao majina yao hayakuandikwa popote kwa sababu waliishia ushindi wa mechi 25.

"Lakini si lazima ulipe, unaweza kucheza ukapata koini." Sawa, tupige na hiyo. Pakiti ya Ultimate kwenye FUT ilikuwa koini 125,000 au pointi 2,500. Pointi 12,000 ziliuzwa dola 99.99, kwa hiyo pakiti moja ni takriban dola 21. Kwa upande wa koini, mechi moja hukupa mia chache, tuseme 500. Utahitaji mechi 250. Kila mechi na menyu zake ikichukua dakika 15, ni saa 62 na nusu, kwa pakiti moja, ambayo ukiifungua inaweza isiwe na chochote utakachokipanga. Ukitaka kuuza kilichomo sokoni, mfumo unakata 5%. Na ifikapo Septemba toleo jipya linatoka, kikosi chote kinabaki kwenye la zamani. Hata ndani ya mwaka mmoja kadi hazitulii: aliyekuwa tishio Oktoba, kufika Machi anakaa benchi, kwa sababu kampeni baada ya kampeni zinaleta kadi zenye namba kubwa zaidi. Anayecheza bure anakimbiza lengo linalosogea.

Mtu anaweza kuuliza: basi tatizo ni pesa, kubahatisha kuna kosa gani la ziada? Lipo, na ni kubwa. Kama mchezaji angeuzwa kwa bei iliyoandikwa, ingekuwa dhuluma inayopimika. Mwandaaji wa mashindano angeweka ukomo wa bajeti, kila mtu angejua anajipanga vipi. Kwenye kubahatisha hata waliolipa sawa hawako sawa.

Tazama muundo uliozoeleka wa masanduku ya eFootball: wachezaji 150, kati yao 3 wa daraja adimu la Epic, koini 100 kwa kuvuta mara moja au 900 kwa kuvuta mara 10. Kizuri ni kwamba aliyetoka harudi sandukuni, kwa hiyo lina mwisho. Ukivuta 10, uwezekano wa kupata angalau mmoja kati ya wale 3 ni 18.8%. Kwa wastani wa kwanza anakuja kwenye mvuto wa 38 hivi. Lakini ukimtaka mmoja mahususi, yule anayefaa mfumo wako, 10 za kwanza zinakupa 6.7% tu, na hata ukishavuta 100, mtu mmoja kati ya watatu bado hajampata. Kumhakikisha ni kumaliza sanduku lote: koini 13,500. Mwingine kamtoa kwenye 10 za kwanza kwa 900. Wanakutana kesho uwanjani, na aliyelipa mara 15 zaidi si lazima ndiye mwenye kikosi bora.

Na hilo ni sanduku lenye mwisho. Kwenye pakiti zisizo na mwisho, kadi yenye uwezekano wa 1% itawakosa watu 37 kati ya 100 hata baada ya kufungua pakiti 100 kila mmoja, na watu 5 hata baada ya 300. Hearthstone, gemu ya kadi, ilishughulikia hili vizuri kuliko wengi: kadi ya Legendary, daraja la juu kabisa, huja wastani wa moja kwa pakiti 20, haivuki pakiti 40, na ukiwa na vumbi 1,600, linalotokana na kuvunja kadi usizozitaka, unatengeneza unayoitaka. Pakiti mbaya kabisa, yenye nne za kawaida na moja adimu, ikivunjwa inatoa vumbi 40. Kwa hiyo hata mwenye bahati mbaya kuliko wote anajua dari iko wapi. Haijaondoa faida ya pesa, ila imeondoa shimo lisilo na chini.

Wengi waliridhika kampuni zilipoanza kutangaza viwango. China ililazimisha hivyo kuanzia Mei 2017, na FIFA 19 ikawa ya kwanza katika mfululizo wake kuonyesha asilimia kwenye pakiti. Kwa mlaji ni hatua ya maana. Kwa haki ya mechi haina uzito. Kwanza, namba iliyoandikwa ni ya kundi zima, mfano "chini ya 1%" kwa kadi maalum za kampeni, na ndani ya kundi hilo wamo wa kupanga na wa kutupa. Pili, kujua kwamba mpinzani wako alikuwa na 1% hakumpunguzii kasi beki wake. Tatu, namba inabaki mikononi mwa muuzaji. Januari 2024 mamlaka ya ushindani wa haki ya Korea Kusini iliitoza kampuni ya Nexon faini ya takriban won bilioni 11.6 kuhusu gemu yake ya MapleStory, baada ya kubainika kwamba viwango vya vitu vya kubahatisha vilishushwa kimyakimya, na baadhi ya michanganyiko iliyotafutwa zaidi iliwekwa sifuri. Watu walikuwa wananunua kitu kisichokuwemo.

Machi 2021 lilifumuka jingine, safari hii kwenye FIFA 21: ilidaiwa kwamba kadi za Icon, zile za magwiji wa zamani, zilikuwa zinauzwa kwa mamia ya euro moja kwa moja kutoka kwa mtu wa ndani, bila pakiti wala soko, na EA wakafungua uchunguzi. Ukishajenga uwanja ambao nguvu hutoka kwenye droo, lazima umwamini kila mwenye ufunguo wa droo.

Sheria nazo zimefika kwa upande wa kamari, na kuna hukumu moja ambayo kwangu ndiyo inayoeleza kila kitu. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba pakiti za namna hii ni kamari, na EA wakaacha kuuza pointi za FIFA huko mwisho wa Januari 2019. Fikiria maana yake uwanjani: Mbelgiji na Mfaransa kwenye ngazi ileile ya mtandaoni, mmoja anaruhusiwa kununua, mwingine haruhusiwi. Kama pakiti hazikuwa na uzito kwenye ushindani, tofauti hiyo isingekuwa na maana yoyote. Uholanzi nayo iliitoza EA faini ya euro milioni 10, lakini Machi 2022 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ya nchi hiyo ikaifuta. Sababu? Kwamba pakiti si mchezo unaojitegemea. Ni sehemu ya mchezo mkubwa zaidi wa ustadi, na wengi huzifungua ili wacheze nazo.

Kisheria EA walishinda. Kimchezo, hoja hiyo ndiyo shitaka lenyewe. Ukisema pakiti haiwezi kutenganishwa na mechi, umekiri kwamba aliyelipia pakiti amelipia sehemu ya mechi. Huwezi kusimama mahakamani ukasema ni kitu kimoja, kisha ukageukia wachezaji ukawaambia ni vitu viwili. Ikumbukwe pia pesa inayozungumziwa: katika mwaka wa fedha 2021, Ultimate Team ya gemu zote za EA iliingiza dola bilioni 1.62.

Kwamba inawezekana kutenganisha, tuliona kwenye Star Wars Battlefront II, gemu nyingine ya EA. Novemba 2017 ilikuja na masanduku yenye Star Cards zinazoongeza nguvu, na Darth Vader alihitaji alama 60,000. Wachezaji waliwaka, bei ya mashujaa ikashushwa kwa 75%, na siku moja kabla ya gemu kutoka rasmi ununuzi wa ndani ukazimwa. Machi 2018 mfumo ukafumuliwa: nguvu zinapatikana kwa kucheza tu, sandukuni hazimo tena. Gemu haikufa, iliendelea kuongezewa vitu kwa miaka miwili zaidi.

Sasa, wengi wetu hatuna uwezo wa kumlazimisha mtengenezaji. Ila mashindano ya mtaani, ya chuo, ya kundi la WhatsApp, yale yenye kiingilio cha 2,000 na zawadi kwa mshindi, tunayaandaa sisi, na kanuni tunaandika sisi. Hapo hakuna kisingizio.

Kwenye konsoli, usitumie Ultimate Team kabisa. Tumia klabu na timu za taifa za kawaida, na ruhusu wote wawili kuchagua timu moja. Kuzuia hivyo kunaleta ugomvi wa nani kawahi. Toleo lenu likiwa na chaguo la kusawazisha wachezaji wote kuwa 85, lichukueni. Virtual Bundesliga ya Ujerumani ilichezwa hivyo kwa misimu kadhaa, na ligi ya kulipwa haikuona aibu. Angalieni tu jambo moja: 85 inasawazisha wastani, haiondoi umbo la mchezaji. Mrefu bado mrefu, mwenye mbio bado ana mbio kuliko mwenzake, kwa hiyo uchaguzi wa timu unabaki kuwa na akili ndani yake. Hilo ni zuri.

Kwenye eFootball ya simu kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu watu wengi wamezoea kikosi chao na hawataki kukiacha. Njia safi ni kuruhusu wachezaji wa aina ya Standard peke yao, maana hao husajiliwa kwa GP, pesa ya ndani ya gemu inayopatikana kwa kucheza, bila kuvuta chochote. Kila mtu atume picha ya skrini ya kikosi, pamoja na ya benchi, kabla ya droo ya makundi. Wanaodanganya hudanganya kwa benchi: wanaanza na Standard, dakika ya 60 anaingia Epic. Mkishindwa kukubaliana hilo, wekeni ukomo wa nguvu ya timu, ile namba inayoonekana kwenye kikosi. Ni dawa nusu. Inazuia kikosi kizima cha Epic, haizuii mtu kuweka nyota wawili mbele na kujaza wachezaji dhaifu sehemu ambazo mpinzani hazishambulii sana. Kwa hiyo ukomo uende pamoja na idadi: si zaidi ya kadi mbili maalum kati ya wachezaji wote, benchi ikiwemo.

Free Fire, fungueni chumba maalum na mzime sifa za bunduki kwenye mipangilio. Ni swichi moja, na mara nyingi husahaulika chumba kinapofunguliwa upya baada ya mtu kukatika mtandao. Mwenye chumba apige picha ya mipangilio kila raundi, aiweke kwenye kundi kabla ya kuanza.

Clash Royale, gemu ya kadi za vita, ina ukomo wa viwango kwenye mashindano, kwa hiyo kadi zilizozidi zinashushwa. Lakini usiyekuwa na kadi fulani bado huna. Ukomo unasawazisha nguvu, haukupi usichonacho. Penye nafasi, chezeni ile namna ya kuchagua kwa zamu, ambapo kati ya kadi mbili unachukua moja na nyingine inakwenda kwa mpinzani. Hapo umiliki haujalishi hata kidogo, na kuchagua kwenyewe kunakuwa sehemu ya mchezo.

Na msiogope bahati kwa ujumla wake. Mpira kugonga mwamba, mchezaji kuamka na hali mbaya, kadi ya kwanza mkononi isiyofaa: hayo yanawapata wote kwa kipimo kimoja, na mechi nyingi huyasawazisha. Zali la sanduku halisawazishwi na mechi nyingi. Limetokea mara moja, dukani, na linahesabiwa upya kila filimbi inapopulizwa.

Kuhusu malalamiko, andikeni wakati wake ndani ya kanuni. Kikosi kinakaguliwa kabla ya mechi, na aliyekubali kuanza amekubali kikosi alichokiona. Baada ya hapo linalopokelewa ni lile la mchezaji aliyeingia akiwa hayumo kwenye picha iliyotumwa. Adhabu iwe kufungwa 3–0 kwa mechi hiyo, na mara ya pili kutolewa bila kurudishiwa kiingilio. Viwekeni vyote kwenye ujumbe wa kwanza wa kundi, pamoja na jina la atakayeamua, ambaye yeye mwenyewe hachezi.